NINGU WA MASIKA: TUMFUNGULIE MLANGO WA MTO

Ifikapo mwezi wa Machi, mawingu yanapokusanyika juu ya Ziwa Victoria na upepo wa mvua ukaanza kuvuma, mkulima wa Kanda ya Ziwa hangoji kuambiwa la kufanya. Hunoa jembe lake, huteremsha mbegu kutoka darini, na huamka alfajiri kwenda shambani. Ajua kwamba masika hayamsubiri mtu, na kwamba siku moja iliyopotezwa mwanzoni mwa mvua huja kudaiwa wakati wa mavuno kwa njaa ya nyumba nzima. Wala hatujapata kumwona mkulima mwenye akili timamu ambaye, kikapu cha mbegu kikiwa mkononi na ardhi ikiwa imelowa, huketi chini ya mti akazikaanga mbegu zile akazila.

Wakati huohuo, ndani ya maji, yuko kiumbe mwingine anayeitambua mvua kama anavyoitambua mkulima. Naye huacha makazi yake, hushika safari, na huelekea mahali pa kupandia mbegu yake. Kiumbe huyo ni ningu, samaki mdogo wa ziwa letu. Makala haya yanamhusu yeye, kwa sababu tumemfanyia ningu jambo lile ambalo hakuna mkulima angelifanya shambani mwake: tumeketi mlangoni mwa mto, mwaka baada ya mwaka, tukaila mbegu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza, je, katika mambo yote yanayomkabili mwananchi, samaki mdogo ndiye wa kuandikiwa safu nzima ya gazeti? Jibu letu ni kwamba habari ya ningu ni habari ya mali ya umma: namna inavyopatikana, namna inavyopotea, na ni nani anayepaswa kuilinda. Mwenye kulielewa jambo la ningu atayaelewa pia mambo ya msitu, ya malisho na ya chemchemi ya kijiji.

NINGU NI NANI?

Wataalamu humwita ningu kwa jina la kisayansi *Labeo victorianus*, na alielezwa katika vitabu vyao mwaka 1901. Wananchi walikuwa wakimjua tangu zama zisizo na hesabu, na jina lake la ningu limevuka mipaka ya makabila na ya nchi kuzunguka ziwa. Si samaki mkubwa. Aliyekomaa vizuri hufikia kiasi cha sentimita 30. Wachache hukaribia 40, na wengi waliokuwa wakivuliwa walikuwa wadogo kuliko hivyo. Ana mwili mrefu wa mviringo unaofaa kushindana na mkondo, na midomo minene iliyoelekea chini, ambayo kwayo hukwangua mwani na uchafu laini juu ya mawe, mashina ya matete na tope.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba ningu ni wa bonde hili peke yake. Hapatikani katika Ziwa Tanganyika wala Ziwa Nyasa, wala katika Rufiji au Pangani. Kwao ni Ziwa Victoria, na mito inayoingia humo, na maji ya Mto Nile yatokayo humo kuelekea Ziwa Kyoga. Ukitaja Kagera, Mara, Nzoia, Yala, Nyando na Sondu-Miriu, umetaja njia zake. Akitoweka hapa, hakuna pwani nyingine duniani ambako tutakwenda kuazima mbegu yake.

Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na zaidi kidogo ya nusu yake imo Tanzania. Sehemu kubwa inayofuata ni ya Uganda, na Kenya ina kiasi cha asilimia 6. Lakini ukubwa huo haumsaidii ningu katika jambo lililo la lazima kuliko yote. Hula ziwani na hukua ziwani, ila kuzaa hawezi mpaka aingie mtoni. Kwa hiyo uhai wa samaki huyu, katika ziwa lote hilo linalofanana na bahari, hupita katika milango michache myembamba: midomo ya mito.

SAFARI YA MASIKA

Mvua kubwa zinaponyesha milimani na mito ikaanza kujaa, ningu waliokomaa hukusanyika karibu na midomo ya mito hiyo. Maji ya mto hubadilika: huwa mengi zaidi, huwa na kasi zaidi, na huwa mekundu kwa udongo wa bara. Kwetu sisi hiyo ni dalili ya mafuriko. Kwa ningu ni wito. Huingia mtoni kwa makundi na kupanda dhidi ya mkondo. Hufanya hivyo wakati wa masika, na tena, kwa kiasi chake, wakati wa mvua za vuli.

Hawaendi kutaga katikati ya mto. Hutafuta vijito vya pembeni na majani yaliyofunikwa na maji, pale ambapo wiki chache zilizopita palikuwa pakavu na ng'ombe walikuwa wakilisha. Humo majike huyamwaga mayai na madume huyarutubisha. Ngege na sato wana desturi tofauti: jike lao huyahifadhi mayai kinywani na kuwalinda watoto. Ningu halindi yai wala hajengi kiota. Tegemeo lake ni mambo mawili tu: wingi na wakati. Jike moja hubeba makumi ya maelfu ya mayai, na huyaweka mahali na saa ambapo maji ya mafuriko yana vuguvugu, yana chakula cha kuwatosha wachanga, na hayana samaki wakubwa wengi wa kuwawinda.

Mayai huanguliwa katika muda wa siku chache. Wachanga hujificha katika majani, hula, hukua. Na maji yanapoanza kupungua, hurudi pamoja nayo mtoni, na kutoka mtoni huteremka ziwani. Wazazi nao, wale waliopona, hurejea walikotoka. Mafuriko yakikauka upesi kupita kiasi, wachanga wengi hukwama katika vidimbwi wakafa. Mafuriko yakidumu vizuri, ziwa hupata kizazi kipya. Huo ndio mpango mzima, nao umeendelea kwa miaka isiyo na idadi bila kumtaka mwanadamu jambo lolote ila moja: asiufunge mlango.

UZIO NA MGONO

Tusije tukadhani kwamba wazee wetu hawakumvua ningu wakati wa safari hiyo. La hasha! Walimvua sana. Masika yalikuwa karamu ya watu wa kando ya mito. Kando ya Nzoia na mito mingine ya Nyanza, watu walijenga nyua za miti na matete kukatiza maji, wakaacha mapengo, na katika mapengo wakatega migono, yaani mitego ya vikapu iliyosukwa kwa ustadi. Samaki walioingia walitolewa, wakapasuliwa, wakakaushwa kwa jua au kwa moshi, na wakauzwa au wakabadilishwa kwa nafaka mbali na maji.

Wala tusiwapambe wazee kwa sifa zisizo zao. Uzio nao ulinasa majike yenye mayai, na mgono haukuuliza samaki ana mimba au hana. Tofauti ilikuwa katika kadiri. Uzio wa matete hauwezi kushindana na mto katika kilele cha mafuriko. Maji yakizidi huupita juu, huuzunguka pembeni, ama huung'oa kabisa, na samaki wakapata nafasi. Mgono una ujazo wake, ukishajaa umejaa. Tena uzio ni kazi ya watu wengi na husimama mahali pamoja mchana kweupe. Mwenye uzio hujulikana, na jirani yake wa juu ya mto hujulikana, na akizuia kila kitu ataulizwa. Udhaifu wa chombo na macho ya jirani, mambo haya mawili, ndiyo yaliyomwachia ningu njia.

NYAVU ZILIPOFIKA

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mahali paitwapo sasa Kisumu mwaka 1901, na kwa reli hiyo samaki wa ziwa akapata soko ambalo hakuwa nalo. Mnamo 1905 nyavu za kutega za kizungu zikaanza kutumika katika ghuba ya upande huo. Nyavu hizo zilienea upesi, na kabla ya miaka 25 kupita hofu ya kupungua kwa samaki ilikwisha kuingia. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa lote, na taarifa yake ikatoka mwaka 1929. Alipendekeza kwamba nyavu za kutega zisiwe na macho madogo kuliko inchi 5, ili ngege wachanga wasivuliwe.

Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya ngege, samaki aliyekuwa na thamani kubwa sokoni. Ningu, kwa udogo wake, hupenya katika wavu wa inchi 5 bila kuugusa. Lakini ngege walipoendelea kupungua, wavuvi walivutwa na nyavu za macho madogo zaidi, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 masharti yale yakalegezwa. Katika miaka hiyohiyo zikaingia nyavu za nailoni. Nyuzi za zamani zilioza, zilihitaji kuanikwa na kushonwa mara kwa mara. Nailoni haiozi kwa urahisi, ni nyepesi, haionekani vizuri majini, na yaweza kukaa ndani ya maji usiku na mchana.

Sasa msomaji na aviweke vitu hivi pamoja. Wavu mwembamba wa macho madogo, usiochoka wala kuoza. Samaki ambaye kila mwaka, kwa wakati unaojulikana, hana budi kukusanyika mahali panapojulikana, napo ni pembamba. Na soko linalomngoja. Nyavu zikapangwa midomoni mwa mito na ndani ya mito yenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, na ningu wakanaswa wakiwa bado wanaingia, matumbo yakiwa yamejaa mayai ambayo hayajatagwa.

Kwa mwaka mmoja au miwili jambo hili huonekana kuwa neema. Mitumbwi hujaa, na watu husema kwamba wavu mpya umeleta baraka. Kisha hesabu hugeuka. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila mayai 1,000 hupona samaki mmoja. Jike la mayai 20,000 likivuliwa likiwa linarudi kutoka kutaga, ziwa limepoteza samaki mmoja. Likivuliwa likiwa linaingia, ziwa limepoteza 21. Mvuvi amepata kitoweo kilekile katika hali zote mbili, na bei ileile. Ila katika hali ya pili ametia saini deni ambalo litalipwa na mwanawe.

Deni hilo halikuchelewa. Katika Kagera na katika Nzoia, uvuvi wa ningu ulioshamiri ukaanguka. Mwaka 1965 mtaalamu wa uvuvi D. A. Cadwalladr alichapisha maelezo juu ya kudidimia kwa ningu wa Ziwa Victoria, na akaonyesha pia kwamba katika Mto Nzoia hata mbinu za kienyeji za uvuvi zilikuwa zinadhoofika. Haikuwa ajabu. Samaki alipotoweka, hapakuwa na sababu ya kujenga uzio. Uzio ulipotoweka, ukatoweka na ustadi wa kusuka mgono, na pamoja nao mazoea ya majirani kuulizana juu ya mto wao.

TUSIMSINGIZIE SANGARA

Imekuwa desturi katika Kanda yetu, kila mtu anapolalamikia samaki waliopotea, kumtupia lawama zote sangara. Samaki huyo mkubwa aliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa ghafula hata akaligeuza ziwa. Hapana shaka kwamba aliwala samaki wengi wadogo wa asili, na kwamba aina nyingi hazikuonekana tena baada yake. Ushahidi huo hatuupingi.

Lakini insafu yatutaka tuangalie tarehe. Taarifa ya kuanguka kwa ningu ilichapishwa mwaka 1965. Kushamiri kwa sangara kulikuja miaka kumi hadi ishirini baadaye. Ningu hakungoja sangara. Alikwisha kuvunjwa mgongo na nyavu zetu wenyewe, na sangara akaja kumkuta mgonjwa. Tunalisema hili kwa sababu anayemlaumu sangara hujipa ruhusa ya kukaa bure: nani awezaye kumtoa sangara ziwani? Wavu ulio mlangoni mwa mto, kinyume chake, uliwekwa na mkono wa mtu, na mkono wa mtu waweza kuutoa.

Yapo na mengine yaliyomwongezea ningu mzigo. Mabonde aliyokuwa akitagia yamelimwa na matete yakafyekwa. Misitu ya vyanzo imepungua, na mito ikawa ya ghafla: hufurika kwa kishindo, kisha hukauka kabla wachanga hawajapata nguvu ya kurudi. Udongo unaotiririka hufunika chakula chake. Mwezi wa Machi 2022 wananchi wa Mara waliona maji ya mto wao yakigeuka meusi na samaki wakielea wamekufa. Kamati iliyoundwa kuchunguza ilitaja kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea kuwa ndiko kulikoharibu hewa ya majini. Machi ndio mwezi ambao mvua za masika huanza na ningu hujiandaa kwa safari. Samaki aliyenusurika wavu akikuta mto hauna hewa, atakuwa amenusurika nini?

ALIYELOWA NA MWENYE WAVU

Twajua kwamba yapo masikio yatakayoyasikia haya kama kumshambulia mvuvi mdogo. Mtu ana watoto, ada na sare zadaiwa, unga umepanda bei, na gazeti lamwambia atoe wavu wake majini wakati ule hasa samaki wanapokuja! Hoja hiyo ni nzito na haifai kujibiwa kwa kejeli.

Kwanza, tuulize wavu ule ni wa nani. Aghalabu, katika mialo ya ziwa letu, aliyelowa siye mwenye wavu. Wapo wanaokopesha nyavu na mafuta kwa sharti kwamba samaki wauzwe kwao kwa bei wanayoitaka wao. Mvuvi akikamatwa, ni yeye anayepelekwa mahakamani na wavu wake kuchomwa moto hadharani; aliyemkopesha hubaki nyumbani kwake na daftari la madeni. Oparesheni ya namna hiyo, hata ikirudiwa mara mia, humtia mvuvi katika deni jipya, na deni jipya humrudisha mlangoni mwa mto usiku. Mwenye kutaka kuulinda mto sharti amtazame pia mnunuzi na mkopeshaji. Katika wiki zile ambazo ningu wanapanda, kumiliki shehena ya ningu wenye mayai kuwe ni jambo la kuulizwa kwa mwenye gari kabla ya mwenye mtumbwi.

Pili, hatumwambii mvuvi aache kuvua. Ziwa Victoria ni kubwa, na mdomo wa mto ni kipande kidogo sana chake. Kumwachia ningu hakuhitaji kufunga ziwa. Kwahitaji kufunga mlango mmoja, kwa wiki chache, na kuacha uwanja wote uliobaki. Kufunga maji si jambo geni tena katika ukanda wetu. Kenya imekuwa na utaratibu wa kupumzisha uvuvi wa dagaa wa ziwa kuanzia Aprili hadi Julai. Katika Ziwa Tanganyika, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ziwa zima, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Ikiwa ziwa zima laweza kupumzishwa kwa miezi mitatu, yawezekanaje mdomo wa mto mmoja ushindikane kwa wiki sita?

NINI KIFANYIKE

Tangu 2003 Tanzania ina Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka huo. Nchi tatu za ziwa zina chombo chao cha pamoja, kilichoundwa kwa mkataba wa 1994 na makao yake yako Jinja. Katika mialo vipo vikundi vya wananchi vya kulinda rasilimali za uvuvi, maarufu kwa jina la BMU. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka ningu katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Kwa hiyo sheria ipo, vyombo vipo, na onyo limekwisha kutolewa. Linalokosekana ni kuvikutanisha hivi vyote mahali pamoja: kwenye mdomo wa mto, siku mvua inapoanza.

Rai yetu ni nyepesi. Kila kijiji kilichoko kwenye mdomo wa mto kiitishe mkutano kabla ya masika, na wavuvi wenyewe waonyeshe kwa vigingi eneo ambalo ningu hukusanyika. Palepale mtoni pasimamishwe nguzo yenye alama. Maji yakipanda hadi alama ya kwanza, nyavu zote ndani ya vigingi zitoke. Yakishuka chini ya alama ya pili, baada ya wachanga kupata nafasi ya kuteremka, eneo lifunguliwe. Kalenda ya ofisini haiwezi kufanya kazi hii, kwa maana mvua ya mwaka huu huenda isije tarehe ya mwaka jana, na ningu hasomi tangazo. Ajua maji tu. Amri inayofuata maji, ambayo kila mtoto wa kijiji aweza kuiona kwenye nguzo, ni ngumu kuidanganya na rahisi kuitetea.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo alivyopotea ningu. Kwa hiyo pale mwaloni pawe na daftari: ningu wangapi wameonekana, siku gani, wakubwa au wadogo, wana mayai au hawana. Walimu wa shule za kando ya mito waweza kuifanya kazi hiyo kuwa somo, na wanafunzi wakawa makarani wa mto wao. Baada ya masika matano kijiji kitaweza kusema kwa hesabu, bila kubahatisha, kama mlango uliofunguliwa umemrudisha samaki au la. Na wataalamu watakuwa wamepata kitu cha kuanzia.

Tena jambo hili haliishii mpakani. Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya na kumwagika ziwani katika Mkoa wa Mara. Kagera hukusanya maji ya Burundi na Rwanda, hupita Tanzania, na humwagika ziwani upande wa Uganda, hatua chache tu kutoka mpaka wetu. Kijiji cha chini kikiheshimu nguzo ilhali cha juu kinafyeka matete na kumwaga sumu, kazi ni bure. Ningu hana paspoti; ulinzi wake hauna budi uwe wa mto mzima.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi ningu aweza kuzalishwa na wataalamu. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Watafiti wa Uganda walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kumtagisha ningu kwa njia za kitaalamu na kuwalea wachanga kwa chakula kikavu. Kwa njia hiyo mbegu yaweza kuhifadhiwa na wafugaji wakapata kitoweo na fedha. Lakini bwawa ni ghala, siyo shamba la umma. Samaki wa bwawani ana mwenyewe, na asiye na bwawa hana samaki. Ningu wa mtoni alikuwa riziki ya yule asiye na ng'ombe wala duka: bibi aliyetega mgono wake asubuhi na jioni akawa na mboga. Bwawa litusaidie kumrudisha huyo mtoni. Lisiwe kisingizio cha kuufunga mto.

Sisi tuliozaliwa kuanzia miaka ya 1970 tulirithi jina la ningu, na mara chache tukamwona mwenyewe. Tulisikia habari zake zikisimuliwa na watu wazima kama habari za mtu aliyehama kijiji: alikuwa mtamu, alikuwa mwingi, alikuja na mvua. Tulipokuwa watoto hatukujua kwamba waliokuwa wakisimulia ndio hao waliomwona wa mwisho. Leo ni zamu yetu kusimulia, na watoto wetu wana haki ya kutuuliza kama sisi nasi tulikaa mlangoni tukila mbegu.

Wachache waliobaki bado huitikia wito. Masika yakija, mto ukijaa na maji yakawa mekundu, watakusanyika tena pale walipokusanyika mama zao. Hawatakuwa na namna ya kutuomba. Nyavu zikiwa zimetoka, watapita. Mkulima aliyeko juu ya kingo, akiwa ameinama anapanda mahindi yake, hatawaona. Lakini siku hiyo wote wawili, yeye na samaki, watakuwa katika kazi moja. Basi na tuwape wote wawili msimu wao.